Louis Armstrong Melini: Mwanamuziki Aliyekubali Kuanza Upya

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Utangulizi

Louis Armstrong ni miongoni mwa wanamuziki mashuhuri kuliko wote wa karne ya 20. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mpiga tarumbeta na mwimbaji, na ndiye aliyeubadilisha muziki wa jazi ukawa sanaa inayojulikana dunia nzima. Watu wengi wanamfahamu kwa picha za uzeeni: uso wenye tabasamu, leso nyeupe mkononi na sauti ya mkwaruzo. Habari hii inahusu kipindi cha kabla ya umaarufu huo, yaani kati ya mwaka 1919 na 1924, alipojiunga na bendi mbili ngeni kwake. Ya kwanza ilipiga muziki ndani ya meli za Mto Mississippi. Ya pili ilikuwa katika jiji la Chicago. Kila mara alifika akiwa tayari anasifiwa nyumbani kwao, na kila mara alikuta kwamba sifa hizo hazikumtosha.

Utoto na korneti ya kwanza

Armstrong alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901 katika jiji la New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Baba yake aliiacha familia Louis akiwa bado mchanga. Alilelewa na bibi yake, kisha na mama yake, Mayann, katika mtaa wa watu maskini. Alianza kazi akiwa mtoto. Alisaidia familia moja ya Wayahudi, akina Karnofsky, kuuza makaa ya mawe na kukusanya vitu chakavu kwa gari la farasi. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 11 hivi.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1913 alifyatua bastola hewani barabarani, akakamatwa na polisi. Kesho yake alipelekwa katika shule ya kurekebisha tabia za watoto Weusi. Kwa mtoto wa umri wake hiyo ingeweza kuwa njia ya kuharibikiwa, lakini yeye alipata humo mwalimu wa muziki aitwaye Peter Davis. Mwalimu huyo hakumwamini mwanzoni. Alimpa kwanza tari, baadaye ala nyingine ndogo, na hatimaye korneti, ambayo ni ala ya shaba inayofanana na tarumbeta lakini fupi zaidi. Louis alipoachiliwa mwaka 1914 alikuwa tayari kiongozi wa bendi ya watoto.

Mjini alimpata mlezi wa pili, Joe Oliver, aliyekuwa bingwa wa korneti wa New Orleans. Louis alimtumikia mke wa Oliver kwa kutumwa dukani na sokoni. Malipo yake yalikuwa chakula na mafunzo. Oliver alipohamia Chicago, nafasi yake katika bendi ya mpiga tromboni Kid Ory alipewa kijana Armstrong. Hakuwa hata ametimiza miaka 20.

Mwito wa mtoni

Siku hizo kampuni ya familia ya Streckfus ilikuwa na meli kubwa za mvuke katika Mto Mississippi. Biashara ya kusafirisha mizigo mtoni ilikuwa imepungua kwa sababu ya reli, hivyo kampuni iligeukia matembezi ya starehe. Watu walilipa nauli, wakapanda meli jioni, wakacheza dansi katika ukumbi mpana huku meli ikielea mtoni, kisha wakarudishwa bandarini usiku. Bila bendi nzuri hakukuwa na abiria.

Kiongozi wa bendi hiyo aliitwa Fate Marable, mpiga piano kutoka Paducah, jimbo la Kentucky. Marable alipiga pia kinanda cha mvuke kilichofungwa juu ya meli ili kuwaita watu wa mjini. Vitufe vya kinanda hicho vilikuwa vya moto mno, kwa hiyo alivaa glovu na koti la mvua alipokipiga. Alikuwa mkali, msomi wa muziki na hodari wa kutambua vipaji. Alimsikia Armstrong akipiga New Orleans, akamtaka.

Kwa Armstrong uamuzi haukuwa rahisi. Hakuwa amewahi kuishi mbali na mji wake. Wanamuziki wengi wa New Orleans walikataa kuondoka wakiamini kwamba kwingine hawangepata riziki. Tena kulikuwa na jambo jingine lililomtia hofu zaidi: Marable alipiga muziki ulioandikwa kwa nota, na Armstrong hakuweza kuzisoma barabara. Kama wenzake wengi, alipiga kwa sikio. Wimbo aliusikia, akaushika, akaupiga. Hata hivyo alikubali. Aliona kwamba ndani ya bendi ile angepata kile ambacho mtaa wake haungeweza kumpa.

Safari ndefu ya kwanza

Mwaka 1919 bendi ilielekea kaskazini kwa msimu wa kiangazi. Katika kitabu cha maisha yake, Armstrong alisimulia jinsi alivyosafiri kwa garimoshi pamoja na David Jones, mpiga melofoni wa bendi, kwenda kuifuata meli. Njiani alibeba mfuko wenye mkate uliotiwa samaki na chupa ya zeituni. Walipobadilisha garimoshi katika mji wa Galesburg, jimbo la Illinois, stesheni ilikuwa imejaa watu. Mfuko ukapasuka, chupa ikavunjika, na zeituni zikatawanyika sakafuni mbele ya kila mtu. Jones aliona aibu, akajifanya hamjui kijana yule. Armstrong aliziokota peke yake.

Walipofika St. Louis, jimbo la Missouri, Armstrong aliona majengo marefu kwa mara ya kwanza. Alimuuliza Marable kama yale yote yalikuwa vyuo. Marable alimshangaa kwa ujinga wake na hakulificha hilo. Matukio haya mawili ni madogo, lakini yanaonyesha hali ya kijana huyo. Kwao New Orleans watu walimpisha njia kwa ajili ya korneti yake. Huku ugenini alikuwa mshamba aliyechekwa.

Shule juu ya maji

Kazi ya melini ilikuwa na utaratibu mkali. Wanamuziki walivaa sare safi. Walifanya mazoezi mchana na kupiga usiku. Wakati wa mazoezi, nahodha Joseph Streckfus alikaa akisikiliza huku ameshika saa, akihakikisha mwendo wa kila wimbo unafaa kwa wachezaji. Wimbo ukienda kasi au ukilegea, ulirudiwa. Wanamuziki wa melini walisimulia pia desturi ya kumfukuza mtu kazini: mhusika alifika akakuta shoka la kuzimia moto limewekwa juu ya kiti chake. Hapo alijua kwamba ajira yake imekwisha.

Armstrong alijua kwamba shoka hilo lingeweza kumfikia yeye. Alikuwa na sauti nzuri ya korneti kuliko wote, lakini karatasi ya nota ilipowekwa mbele yake, wenzake walimtangulia. Ilibidi asikilize kwanza wimbo ukipigwa, ndipo aufuate. Mbinu hiyo ilimsaidia kwa muda, lakini bendi ilijifunza nyimbo mpya mara kwa mara.

Aliyemwokoa ni David Jones, yule yule aliyejifanya hamjui stesheni. Katika saa za mapumziko, meli ikiwa njiani kati ya mji na mji, Jones alikaa naye na kumfundisha kusoma nota moja baada ya nyingine: thamani zake, kimya chake na mgawanyo wa mapigo. Marable naye alimsukuma asilegee. Armstrong hakujitetea kwamba yeye ana kipaji cha kuzaliwa. Alikaa chini akasoma. Miezi ilivyopita, akaweza kupiga anachokiona kama alivyoweza kupiga anachokisikia.

Wenzake wengine pia walikuwa shule kwake. Katika bendi hiyo walikuwamo Baby Dodds mpiga ngoma, Pops Foster mpiga besi na Johnny St. Cyr mpiga banjo, wote wakitoka New Orleans. Wote hao walikuja kutajwa katika historia ya jazi.

Ubaguzi ukumbini

Marekani ya wakati huo ilitawaliwa na ubaguzi wa rangi. Melini, wanamuziki walikuwa Weusi na wachezaji walikuwa Wazungu. Walipokuwa St. Louis, Watu Weusi walitengewa usiku wa Jumatatu tu. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mji wa East St. Louis, ambako mwezi Julai 1917 makundi ya Wazungu yaliwaua makumi ya Watu Weusi na kuchoma nyumba zao. Kumbukumbu ya mauaji hayo ilikuwa bado mbichi bendi ilipopita hapo miaka miwili baadaye.

Katika miji midogo ya kaskazini, abiria wengi hawakuwa wamewahi kuona bendi ya Watu Weusi. Armstrong alieleza kwamba mara nyingine walipokewa kwa dharau na maneno machafu walipopanda jukwaani. Hawakujibu. Walianza kupiga, na kabla ya usiku kwisha wale wale waliowadharau walikuwa wakicheza na kushangilia. Tusidhani kwamba muziki uliuondoa ubaguzi. Meli iliporudi bandarini, sheria na desturi zilibaki vile vile. Lakini wanamuziki hao walijifunza kuilinda heshima yao kwa kufanya kazi bora mbele ya watu wasiowatakia mema.

Kuondoka melini

Armstrong alifanya kazi melini hadi Septemba 1921. Wakati huo kampuni ilikuwa ikitaka bendi ibadili mtindo wa mapigo. Yeye na Baby Dodds hawakukubaliana na mabadiliko hayo, wakaacha kazi. Alirudi New Orleans akiwa mtu mwingine. Alijua nota, alizoea nidhamu ya bendi kubwa, na alikuwa amethibitisha kwamba mwanamuziki wa kwao anaweza kuishi ugenini kwa kazi yake. Alipiga katika bendi kadhaa za mjini, ikiwamo Tuxedo Brass Band.

Mlangoni mwa Lincoln Gardens

Katika kiangazi cha mwaka 1922, Joe Oliver alimpelekea telegramu akimwita Chicago awe mpiga korneti wa pili katika bendi yake. Baadhi ya wenzake walimshauri asiende. Yeye alifunga safari tarehe 8 Agosti 1922. Mama yake, akihofia baridi ya kaskazini, alimvalisha nguo nzito za ndani wakati wa joto kali, na akamfungia tena mkate wa samaki.

Alifika Chicago usiku. Oliver hakuwepo stesheni kwa kuwa alikuwa kazini, lakini alikuwa amemwachia maagizo mchukuzi wa mizigo, ambaye alimtia kijana huyo katika teksi hadi ukumbi wa Lincoln Gardens. Armstrong aliposhuka aliisikia bendi ikipiga ndani. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba miguu ilimwishia nguvu. Alisimama nje akijiuliza kama kweli anastahili kuingia. Oliver aliposikia yuko nje, alitoka akamwingiza.

Kazi ya korneti ya pili ni kumsindikiza wa kwanza, si kumfunika. Armstrong aliifanya kwa moyo. Oliver alipotaka kupiga kifungu cha papo kwa papo, alimdokeza mwanafunzi wake kwa siri muda mfupi kabla. Bendi iliponyamaza, korneti mbili zilitoka pamoja, moja ikienda sambamba na nyingine bila kupishana. Wanamuziki wa mjini walikuja kusikiliza wakitaka kujua siri hiyo.

Mwezi Aprili 1923 bendi ilikwenda Richmond, jimbo la Indiana, kurekodi santuri katika kampuni ya Gennett. Hakukuwa na maikrofoni. Wanamuziki wote walipiga kuelekea pembe kubwa iliyopokea sauti. Korneti ya Armstrong ilikuwa na nguvu mno hivi kwamba alisogezwa nyuma, mbali na wenzake. Mpiga piano wa bendi, Lil Hardin, aliona katika jambo hilo dalili kwamba kijana huyo hangeweza kubaki wa pili siku zote. Walioana Februari 1924, naye akamhimiza ajitegemee. Mwaka huo huo Armstrong alikwenda New York kujiunga na okestra ya Fletcher Henderson, ambayo ilipiga kwa nota zilizoandikwa. Bila masomo ya melini asingeweza kukaa katika kiti hicho.

Matunda yake

Kuanzia Novemba 1925 alirekodi santuri kwa jina lake mwenyewe akiwa na kikundi cha Hot Five, na santuri hizo zikawa msingi wa jazi ya kisasa. Johnny St. Cyr, mwenzake wa melini, ndiye aliyepiga banjo humo. Mwaka 1956 Armstrong alizuru Ghana, iliyokuwa bado ikiitwa Gold Coast. Mwaka 1960 alizunguka Afrika, akafika Kongo na Kenya pamoja na nchi nyingine. Mjini Leopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, alipokewa kwa kubebwa juu ya kiti kama mfalme. Alifariki dunia tarehe 6 Julai 1971 mjini New York.

Funzo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Armstrong aliinama mara mbili. Alikubali kuchekwa stesheni ili afundishwe na yule yule aliyemwonea aibu, na alikubali kuwa wa pili ili ajifunze kwa aliye wa kwanza. Kipaji kilimfikisha mlangoni. Kujifunza ndiko kulikomwingiza ndani.

Msamiati

- Korneti: ala ya kupuliza ya shaba, ndugu wa tarumbeta.
- Melofoni: ala ya kupuliza ya shaba yenye umbo la mviringo na sauti nene kuliko korneti.
- Nota: alama za kuandikia muziki.
- Kupiga kwa sikio: kupiga muziki kwa kusikia tu, bila kusoma nota.
- Zeituni: tunda dogo chungu linalohifadhiwa katika maji ya chumvi.
- Santuri: sahani iliyorekodiwa muziki.

Maswali

1. Taja walimu watatu wa muziki wa Armstrong na ueleze kila mmoja alimpa nini. (alama 3)
2. Kwa nini kampuni ya meli iliihitaji bendi? (alama 2)
3. Eleza sababu mbili zilizomfanya Armstrong asite kujiunga na bendi ya Marable. (alama 2)
4. Mwandishi anatuonya tusidhani nini kuhusu muziki na ubaguzi wa rangi? Unakubaliana naye? Toa sababu. (alama 4)
5. Linganisha hali ya Armstrong alipofika stesheni ya Galesburg na alipofika Lincoln Gardens. (alama 4)
6. Fupisha sehemu ya "Shule juu ya maji" kwa maneno yasiyozidi 60. (alama 5)
7. Andika insha yenye maneno 300 ukionyesha ukweli wa methali "Mtaka cha mvunguni sharti ainame". Usirudie mfano wa Armstrong. (alama 15)

Dokezo kwa mtahiniwa

Katika swali la 5, usisimulie upya matukio yote mawili. Tafuta kinachofanana (ugeni na wasiwasi) na kinachotofautiana (nani alimpokea, na vipi). Katika swali la 6, acha mifano na majina yasiyo ya lazima. Baki na hoja kuu: nidhamu, upungufu wa Armstrong, msaada aliopata na matokeo yake.